Garchomp Mbele ya Wapiga Kura: Historia ya Marufuku katika Mapambano ya Pokémon

Mchezo wa Pokémon, uliobuniwa na Satoshi Tajiri na kampuni yake ya Game Freak, na kuanza kuuzwa na Nintendo nchini Japani tarehe 27 Februari 1996, haukutungwa kwa ajili ya mashindano yenye usawa. Ulikuwa mchezo wa safari, ambamo mtoto aliyeshika kifaa cha Game Boy alizunguka nchi ya kubuni, akakamata viumbe, akawalea na kuwapambanisha na viumbe wa wahusika walioendeshwa na mashine, na kwa mantiki ya safari ya namna hiyo lilikuwa jambo la haki kwamba mwisho wa njia awepo kiumbe mmoja anayewazidi wengine wote kwa mbali. Kiumbe huyo aliitwa Mewtwo. Shida ilianza pale waya ulipounganisha vifaa viwili na watoto wawili wakapambana wao kwa wao, kwa kuwa zawadi iliyokusudiwa kumfurahisha msafiri aliyechoka iligeuka silaha ambayo mpinzani hakupewa ngao ya kuikinga.

Katika matoleo ya kwanza, kila kiumbe alipimwa kwa mambo matano: uhai, nguvu za mwili, ulinzi, kasi, na kile kilichoitwa nguvu maalumu, yaani uwezo wa kupiga na kuhimili mapigo yasiyo ya mwili, kama vile moto, umeme na nguvu za akili. Mewtwo alikuwa na alama 154 za nguvu maalumu, kiwango ambacho hakuna kiumbe mwingine aliyekikaribia, pamoja na kasi ya alama 130 iliyomwezesha kuwatangulia karibu wote. Zaidi ya hayo, mbinu iitwayo Amnesia ilimruhusu kuzidisha nguvu hiyo maradufu kwa zamu moja tu, na kwa sababu kipimo hicho kimoja kilihesabiwa katika kupiga na katika kujikinga pia, zamu hiyo moja ilimnufaisha mara mbili. Aina yake, ile ya nguvu za akili, nayo haikuwa na adui wa maana: wahusika ndani ya mchezo walimweleza mchezaji kwamba aina hiyo huogopa mizimu na wadudu, lakini kutokana na kosa la watengenezaji mashambulio ya mizimu hayakuigusa kabisa, na mashambulio ya wadudu yalikuwa dhaifu mno kiasi kwamba hofu hiyo ilibaki ya maneno tu.

Nintendo yenyewe ndiyo iliyotoa marufuku ya kwanza. Katika mashindano yake rasmi ya mwaka 1997 nchini Japani, kila mshindani alileta viumbe sita na kuchagua watatu kwa kila pambano, viumbe hao walitakiwa kuwa na kiwango cha ukuaji kati ya 50 na 55, na jumla ya viwango vya watatu hao haikuruhusiwa kuzidi 155. Mewtwo alizuiwa, na pamoja naye Mew, kiumbe wa siri aliyefichwa ndani ya mchezo na kugawiwa kwa njia maalumu tu. Kwa upande wa Mewtwo mlango huo ulifungwa kwa makufuli mawili, kwani alikamatwa akiwa tayari katika kiwango cha 70 na hakukuwa na njia ya kumshusha. Baadaye, katika mchezo wa Pokémon Stadium uliotengenezwa kwa mashine ya Nintendo 64, utaratibu huo ulipewa sura ya kudumu: kombe moja lilifuata masharti ya viwango na kuwakataa wawili hao, na kombe jingine liliwapokea viumbe wote hadi kiwango cha 100. Mgawanyo huo, wa uwanja wenye masharti kwa upande mmoja na uwanja wa wababe kwa upande mwingine, ungerithiwa na karibu kila mfumo uliofuata.

Marufuku hiyo haikuhitaji hoja, kwa sababu aliyeitoa ndiye aliyeumiliki mchezo na hakuna aliyemwomba maelezo. Mambo yalibadilika pale wachezaji walipoanza kujitungia sheria wenyewe. Programu za kompyuta zilizoigiza mapambano ziliwawezesha watu wa nchi mbalimbali kushindana bila kuwalea viumbe kwa miezi, na mwezi Desemba 2004 iliundwa Smogon, jumuiya ya wachezaji iliyokuja kuwa na sauti kubwa kuliko nyingine zote katika mapambano ya mmoja kwa mmoja. Smogon haikuwa na mkono wowote katika utengenezaji wa mchezo, wala haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu kufuata kanuni zake. Nguvu yake yote ilikuwa katika kuaminiwa, na ndiyo maana kila uamuzi wake ulihitaji sababu zinazoweza kusimama mbele ya watu waliokasirika.

Jumuiya hiyo iliwapanga viumbe katika madaraja. Daraja kuu, lililojulikana kwa herufi OU, lilikuwa la viumbe wanaotumiwa sana, na mpaka wake wa chini uliwekwa kwa hesabu: kwa miaka mingi kiumbe alihesabiwa kuwa wa daraja hilo iwapo alionekana katika angalau asilimia 3.41 ya timu, kiwango kilichopatikana kwa kuuliza ni kiumbe gani ambaye mchezaji ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kukutana naye angalau mara moja katika mapambano 20. Baadaye mapambano hayo 20 yalipunguzwa kuwa 15, na mpaka ukapanda hadi asilimia 4.52. Juu ya daraja hilo palikuwa na Uber, mahali pa waliozuiwa, na huko hesabu haikusaidia kitu. Kiumbe hakupelekwa Uber kwa kutumiwa sana, bali kwa kuhukumiwa kwamba ana nguvu kupita kiasi, na hukumu ya namna hiyo haina kipimo cha mizani. Takwimu, kwa hiyo, zilitawala sakafu ya mfumo wote huku paa likishikiliwa na maoni ya watu, na karibu kila ugomvi unaosimuliwa hapa ulitokea kwenye paa hilo.

Aliyeonyesha mapema kwamba wingi wa alama haumpi mtu jibu alikuwa Wobbuffet, kiumbe wa buluu asiye na shambulio hata moja la kuanzisha mwenyewe. Jumla ya alama zake ilikuwa 405, ilhali Mewtwo, baada ya nguvu maalumu kugawanywa katika vipimo viwili na matoleo ya mwaka 1999, alikuwa na 680. Matoleo ya Ruby na Sapphire ya mwaka 2002 yalileta sifa za asili, yaani uwezo ambao kiumbe huwa nao muda wote bila kutumia zamu, na Wobbuffet akapewa sifa iliyomzuia mpinzani kumwondoa kiumbe wake uwanjani. Aliyenaswa hivyo aliweza kulazimishwa na mbinu nyingine kurudia kitendo alichotoka kukifanya, na akiwa amefungwa katika kitendo kisicho na madhara, mwenye Wobbuffet alimwingiza kiumbe mwingine aliyetumia zamu hizo za bure kujiongezea nguvu hadi asizuilike. Uamuzi wa kuchagua lini kukimbia na lini kusimama, ambao ndio moyo wa mapambano haya, ulinyang'anywa upande mmoja. Wobbuffet akapelekwa Uber, akakaa huko pamoja na majitu yaliyomzidi alama kwa mamia. Mwenye kutaka kuelewa mjadala mzima uliofuata angeanzia kwake, kwa maana tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba kumzuia kiumbe ni suala la kujumlisha tarakimu.

Kesi iliyoutikisa mfumo zaidi ya nyingine, hata hivyo, ilikuwa ya Garchomp. Kiumbe huyu, joka wa ardhini aliyeingia na matoleo ya Diamond na Pearl ya mwaka 2006, hakuwa mungu wa hadithi kama Mewtwo au wenzake waliozuiwa kwa desturi. Alikuwa kiumbe wa kawaida aliyelelewa kutoka udogoni, mwenye jumla ya alama 600 sawa na majoka wengine wa hadhi yake. Siri yake ilikuwa katika mgawanyo wa alama hizo. Alikuwa na 130 za nguvu za mwili, 108 za uhai na 95 za ulinzi, na kasi yake ilikuwa 102. Mtu asiyeufahamu mchezo anaweza kuipita tarakimu hiyo ya mwisho bila kuitazama mara mbili, lakini viumbe wengi waliotegemewa katika daraja kuu, wakiwemo Salamence, Zapdos, Jirachi na Celebi, walikuwa na kasi ya 100 barabara, na katika mchezo ambamo anayetangulia kupiga mara nyingi ndiye anayebaki hai, alama mbili hizo zilikuwa na uzito kuliko ishirini zilizowekwa kwingineko.

Mashambulio yake mawili makuu, moja la joka na jingine la ardhi, yalisaidiana kwa namna iliyoacha mianya michache sana. Chuma pekee ndicho kilichohimili mapigo ya joka, lakini viumbe wengi wa chuma walidhoofika mbele ya ardhi. Wale wachache waliohimili yote mawili, kama vile Skarmory anayeruka na Bronzong anayeelea, waliweza kuchomwa kwa shambulio la moto ambalo Garchomp alijifunza bila taabu. Kwa zamu moja ya mbinu ya Swords Dance alizidisha nguvu zake maradufu. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa barafu, iliyomwumiza mara nne ya kawaida, na watetezi wake waliushika udhaifu huo kama ushahidi wa kutosha kwamba dawa ipo na kila timu inaweza kuibeba. Waliomshtaki walijibu kwa kuonyesha tunda dogo ambalo kiumbe aliweza kulibeba na ambalo lilipunguza kwa nusu pigo moja la barafu, hivyo kwamba aliyemtegea kwa barafu alijikuta amempa zamu aliyoihitaji kujiongezea nguvu, kisha akafa katika zamu iliyofuata.

Kulikuwa na jambo jingine lililowaudhi wachezaji kuliko nguvu zenyewe. Sifa ya asili ya Garchomp ilimfanya awe mgumu kulengwa wakati wa dhoruba ya mchanga, na dhoruba hiyo iliweza kuanzishwa na mwenzake, kwa mfano Tyranitar, kwa kuingia uwanjani tu, ikadumu bila kikomo. Chini ya dhoruba hiyo shambulio ambalo kwa kawaida halikosei lilikosa mara moja kati ya tano. Mchezaji aliyepanga kila kitu sawasawa, akamleta kiumbe sahihi kwa wakati sahihi na kuchagua barafu kama ilivyotakiwa, bado aliweza kupoteza pambano kwa sababu ya bahati ambayo hakuna ustadi ungeweza kuizuia, na ni vigumu kumlaumu kwa kuona kwamba ameibiwa.

Katika kizazi hicho cha nne cha matoleo ya mchezo, kile cha Diamond na Pearl, jumuiya ilikuwa imejitungia vigezo vitatu vya kumtambua kiumbe wa Uber: kwamba anaweza kuziangamiza timu nyingi kwa juhudi ndogo, au anaweza kuyahimili mashambulio ya sehemu kubwa ya wapinzani, au anaweza mara kwa mara kuwatengenezea wenzake mazingira rahisi ya kushinda. Vilevile ilianzisha utaratibu wa kumtangaza kiumbe kuwa mshukiwa, kuwaacha wachezaji wapambane kwa muda uliowekwa, kisha kuwapa haki ya kupiga kura wale tu waliofikia kiwango cha ushindi kilichotakiwa. Utaratibu huo una kasoro iliyo wazi, kwamba waliobobea ndio waliozoea kumtumia mshukiwa na ndio walioshika mpini, lakini una faida moja ambayo haikupatikana kwa njia nyingine: mpiga kura alilazimika kwanza kuishi ndani ya mazingira aliyotaka kuyahukumu. Garchomp alipatikana na hatia kwa kigezo cha kwanza na kupelekwa Uber, akiwa kiumbe wa kawaida katikati ya miungu.

Wapinzani wa uamuzi huo walikuwa wameonya kwamba mbabe mmoja akiondolewa, anayemfuata atachukua kiti chake na kilio kitaanza upya. Kwa sehemu walikuwa sahihi, kwani kabla kizazi hicho hakijaisha Salamence, joka lile lenye kasi ya 100 ambalo Garchomp alilitangulia, nalo lilizuiwa. Lakini hoja yao ilithibitisha kidogo kuliko walivyodhani: mnyororo huo haukuendelea hadi viumbe wote wakaisha, na daraja kuu lilitulia.

Matoleo ya Black na White, yaliyoanza kuuzwa Japani mwezi Septemba 2010, yalilibadili swali lenyewe. Hadi hapo kilichoshtakiwa kilikuwa kiumbe. Sasa ilibidi kuuliza kama kosa ni la kiumbe, la sifa aliyoibeba, au la viumbe wawili wasio na hatia wanapokutana. Politoed, chura asiyeogopwa na yeyote, alipewa sifa ya kuleta mvua isiyokatika, na mvua hiyo iliongeza nguvu za mashambulio ya maji kwa nusu. Viumbe kama Kingdra, Ludicolo na Kabutops walikuwa na sifa ya kuogelea kwa kasi, iliyozidisha mwendo wao maradufu mvuani. Kila mmoja peke yake alivumilika, lakini wakiwa pamoja walizifagia timu zisizojiandaa kwa ajili yao tu. Mwaka 2011 jumuiya ilikubali pendekezo ambalo lilimwacha Politoed, likawaacha waogeleaji, na kukataza tu sifa hizo mbili zisipatikane katika timu moja.

Pendekezo hilo lilikata mzizi wa fitina kuhusu mvua, na papo hapo likapanda fitina nyingine. Kama jozi inaweza kukatazwa, kwa nini Excadrill, ambaye alizidisha kasi yake katika dhoruba ya mchanga iliyoletwa na Tyranitar kwa namna ileile, azuiwe yeye mwenyewe badala ya jozi yake? Na kwa nini Blaziken, kuku wa moto ambaye sifa yake mpya ilimwongezea kasi kila zamu, azuiwe mzima mzima, wakati angeweza kuruhusiwa kwa sharti la kutumia sifa yake ya zamani? Jibu la wasimamizi lilikuwa kwamba masharti yenye vipengele vingi yanapaswa kuwa ya nadra, kwa sababu ukianza kumruhusu kila kiumbe baada ya kumnyang'anya kile kinachomfanya awe na nguvu, hakuna atakayewahi kuzuiwa, na sheria zitakuwa ndefu kuliko mchezo. Hoja hiyo ina nguvu. Bado ni lazima isemwe kwamba mvua ilipendelewa, na kwamba ilipendelewa kwa sababu ya wakati: ilikuwa ugomvi mkubwa wa kwanza wa kizazi kipya, wengi walitaka mtindo mpya wa kucheza uishi, na kanuni ya kukataa masharti yenye vipengele vingi ilikazwa zaidi baada ya msamaha huo kutolewa kuliko kabla yake. Blaziken akawa wa kwanza kuzuiwa katika familia za viumbe ambao mchezaji hupewa kuchagua mwanzoni mwa safari.

Garchomp, aliyerudishwa daraja kuu mwanzoni mwa kizazi hicho cha tano, alizuiwa tena, na safari hii shitaka lilielekezwa waziwazi kwenye dhoruba na kukwepa. Kisha ikapatikana sifa mbadala, ngozi ya makwaruzo iliyomwumiza kila aliyemgusa, na jumuiya ikaona njia ambayo haikuwapo mara ya kwanza. Badala ya kumzuia Garchomp, iliipiga marufuku sifa ya kukwepa yenyewe kwa kila aliyekuwa nayo, na joka akaruhusiwa kurudi na ngozi yake mpya. Uamuzi huo ulifuata mfano uliokwisha kukubalika, kwa kuwa mbinu za kujiongezea uwezo wa kukwepa zilikuwa zimekatazwa tangu zamani. Kwa wasimamizi, kuiondoa sifa nzima kulikuwa sheria moja nyepesi, tofauti na kumwekea Blaziken sharti lake peke yake. Kwa mashabiki wa Blaziken, tofauti hiyo ilikuwa ya wanasheria. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema zilichosema, ila ni upande mmoja tu uliokuwa na kazi ya kuandika kanuni ambazo mgeni angeweza kuzisoma na kuzielewa.

Nje ya jumuiya hii mashindano rasmi yalikwenda njia yao. Ubingwa wa dunia wa mchezo wa video, ulioanza mwaka 2009, ulipigwa kwa viumbe wawili dhidi ya wawili, na sheria zake zilitangazwa na kampuni bila kura ya mtu yeyote. Orodha ya waliozuiwa ilibadilishwa kwa misimu: miaka mingi miungu wa hadithi wenye nguvu zaidi walikataliwa, na katika baadhi ya miaka, kama 2010 na 2016, kila timu iliruhusiwa kuwa nao wawili. Yaani, Mewtwo na wenzake hawakuhukumiwa. Walikuja na kuondoka kama ratiba ilivyotaka. Mbabe aliyezuka katikati ya msimu hakuzuiwa. Mwaka 2014 Kangaskhan, aliyepata umbo jipya lililompa mapigo mawili katika kila zamu na ambaye Smogon ilikuwa imekwisha kumtoa daraja kuu, alitawala mashindano rasmi bila kuguswa, na wachezaji wakaachiwa kazi ya kumtafutia dawa wenyewe. Mwaka huohuo, mjini Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye kabla ya hapo hakuna aliyemhesabu, aliyetumiwa kuyavuta mashambulio ya wapinzani ili wenzake wapate nafasi; miongoni mwa wenzake hao alikuwamo Garchomp. Ushindi huo umetajwa mara nyingi na wanaopinga marufuku za kila namna. Unathibitisha kwamba ubunifu huishi hata chini ya mbabe, lakini hauthibitishi kwamba katika uwanja wa mmoja kwa mmoja, ambako hakuna mwenzake wa kuyavuta mapigo, kindi huyo angefika popote.

Mwishoni mwa mwaka 2014 hata Uber yenyewe ilipata mtuhumiwa. Umbo jipya la Rayquaza lilikuwa na jumla ya alama 780, na tofauti na maumbo mengine ya aina hiyo halikuhitaji kiumbe abebe jiwe maalumu, kwa hiyo liliacha nafasi ya kubeba kifaa kingine chochote. Uber ilikuwa imesimama miaka yote juu ya imani kwamba ndiyo mwisho, mahali ambapo hakuna anayeweza kufukuzwa kwa sababu hakuna pa kumpeleka. Jumuiya ilimfukuza, na kwa kuwa alihitaji pa kwenda, likaundwa daraja jipya juu ya Uber ambamo karibu kila kitu kinaruhusiwa.

Baada ya matoleo ya Sword na Shield kutoka tarehe 15 Novemba 2019, mshukiwa hakuwa tena kiumbe wala sifa, bali kanuni ya mchezo mzima. Dynamax ilimruhusu kila mchezaji, mara moja katika pambano, kumkuza kiumbe wake yeyote kuwa jitu kwa zamu tatu, uhai wake ukiongezeka hadi maradufu na mashambulio yake yakipata madhara ya ziada, kama lile la upepo lililomwongezea kasi kila lilipopiga. Wapo waliopendekeza wazuiwe viumbe wachache walionufaika zaidi, kama vile Gyarados, ili kanuni ibaki. Waliopinga walieleza kwamba hakuna awezaye kujua ni nani kati ya viumbe sita wa mpinzani atakayekuzwa wala ni lini, kwamba kosa moja la kubahatisha katika zamu hizo tatu halikuwa na marekebisho, na kwamba kila Gyarados akiondolewa angepatikana mwingine wa kushika nafasi yake. Mwezi Desemba kura ilipigwa, na kwa kuwa kanuni za Smogon zilidai asilimia 60 ya kura ili kuzuia kitu, waliotaka marufuku walihitaji zaidi ya wingi wa kawaida. Waliupata, na Dynamax ikatoka daraja kuu wakati mchezo ukiwa na mwezi mmoja tu sokoni.

Katika mashindano rasmi kanuni hiyo ilibaki kwa sehemu kubwa. Wawili dhidi ya wawili, jitu la mpinzani liliweza kushambuliwa na viumbe wawili kwa pamoja, kucheleweshwa kwa mbinu ya kujikinga, au kupuuzwa huku mwenzake akiangushwa, na zamu tatu zikaisha. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2022, uliofanyika London, ulichezwa na majitu hayo pamoja na miungu wawili wa hadithi katika kila timu, na Eduardo Cunha wa Ureno akashinda kwa kanuni ambazo wapiga kura wa Smogon walikuwa wamezikataa kwa miaka mitatu karibu.